Mke wa Nyumba ya Kijani

"Alale kwa jirani, kwa Sepa," Inay, mama yake Nila, alisema kwa mara ya tatu. "Siku tatu tu. Sikukuu ikipita mnaondoka zenu, na hakuna aliyeumia."

"Ameshaumia," Nila akajibu. "Tangu jana, ulipomnyima mkono."

"Sikumnyima. Mikono yangu ilikuwa na unga."

"Ulikuwa unakunja nguo, Inay."

Mama alivuta jani jingine la mgomba, akachota wali wa nazi kwa mwiko, akaufunga na kuukaza kwa uzi kama mtu mwenye kisasi nao. Mezani palikuwa na vifurushi karibu mia na sufuria ilikuwa bado nusu. Keshokutwa ilikuwa sikukuu ya San Isidro, na siku hiyo hapa Bagong Pook kila nyumba huacha mlango wazi, apitaye aingie ale, awe anajulikana au hajulikani. Ndiyo maana mama alikuwa na haraka. Mtu unaweza kumficha mwaka mzima, lakini si siku hiyo.

Mtu mwenyewe alikuwa uani, ameifungua feni ya mkwewe vipande vipande juu ya gunia. Anselmo Villaruz, Elmo kwa mkewe, fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa Iloilo, kule ambako watu hata wakitukanana husikika kama wanabembeleza mtoto. Alikuwa amesikia kila neno. Jiko la Inay lilikuwa na kuta za mianzi. Na jana, alipoinama kuuchukua mkono wa mama mkwe auguse kwenye paji la uso wake, kama mtoto yeyote mwenye adabu anavyomsalimu mkubwa, mkono ule ulikuwa umezama chini ya rundo la shuka na haukutoka. Alibaki ameinama pale, kisha akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndara.

"Na wakiuliza ni nani?" Nila alisema.

"Utasema ni fundi. Mmefahamiana huko Abu Dhabi, amekuja kuona sikukuu. Uongo uko wapi hapo? Kwani si fundi?"

"Ni mume wangu."

"Mume wako ni Rosauro."

Nila akaweka chini jani alilokuwa akilifunga. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, kumi na mitano kati ya hiyo ameitumia wodini, akigeuza wagonjwa wazito wasiotaka kugeuzwa, na hakuwa mtu wa kupayuka. Yeye akikasirika sauti hushuka.

"Inay, mimi na Rosauro tumeachana. Tulikwenda mahakamani wawili, tukasaini wawili. Jaji alituuliza mara mbili kama tuna hakika. Aliyewahi kujibu ni Rosauro."

"Mahakama ya Waarabu."

"Hiyo hiyo ya Waarabu ndiyo aliyofungia ndoa na Jovelyn. Baada ya wiki tatu. Mimi nilikaa miaka miwili, nikapita dirisha lile lile na Elmo. Sasa niambie, kwa nini cheti chake ni cheti na changu ni karatasi?"

"Mwanamume ni mwanamume, Nila. Usinifanye nikueleze mambo unayoyajua."

"Nieleze. Leo nataka kuelezwa."

"Watu hawamtazami yeye, wanakutazama wewe. Mimi ndiye ninayebeba bendera ya akina mama kwenye maandamano, miaka kumi na tisa sasa. Nitatembea vipi mbele ya padri, huku nyuma yangu binti yangu anatembea na mwanamume mwingine wakati mumewe yuko upande wa pili wa barabara?"

"Na mke wake mpya ubavuni."

"Hilo ni lake na Mungu wake."

"Na hili ni langu na Mungu wangu."

Ukweli wenyewe Nila aliujua kuliko mama yake. Kwao hakuna talaka. Waislamu wa kusini wanayo. Waliobaki, ndoa ikioza wanaishi nayo humo humo ikinuka, ama watafute pesa na miaka ya kwenda kuithibitishia mahakama kwamba haikuwa ndoa tangu mwanzo. Kama yeye au Rosauro angekuwa na pasipoti ya kigeni siku ile ya talaka, mahakama ya nyumbani ingeweza kuitambua. Lakini wote wawili walikuwa na pasipoti ile ile ya nyumbani, na kwa watu wawili wa namna hiyo hati ya talaka ya ugenini ikivuka bahari ni karatasi ya kufungia dagaa. Abu Dhabi walikuwa watu baki. Ndege ikigusa lami ya Manila wanakuwa mke na mume tena, bila kuulizwa.

Haya yote alikuwa ameyameza siku nyingi. Hakuja kutafuta cheti cha serikali wala baraka ya padri. Alitaka kitu kidogo: Elmo aketi kwenye meza ya mama yake siku ya sikukuu, aitwe mkwe, apewe paja la nguruwe kama wakwe wengine. Basi. Na hicho kidogo ndicho alichokuwa ananyimwa.

Elmo akachungulia mlangoni, bisibisi mkononi. "Nitalala kwa Sepa, Nila. Kitanda ni kitanda."

"Wewe nyamaza. Usiwe mwema leo."

"Mimi nasema tu."

"Umeshasema. Rudi kwenye feni."

Akarudi. Inay akamfuata kwa macho, na kwa kitambo uso wake ulilegea, maana ile feni ilikuwa imekufa tangu Krismasi na hakuna mkwe aliyewahi kuigusa. Kisha akaukaza tena.

"Si mimi peke yangu," alisema, akishusha sauti. "Rosauro alikuja juzi na Kapitan Delfin. Alikaa pale pale ulipokaa. Amesema mwanamume huyo akilala chini ya paa hili hata usiku mmoja, anakwenda polisi. Uzinzi. Wewe na yeye mtafungwa wote. Kapitan hakubisha. Mwenyekiti wa mtaa mzima, Nila, alikaa akanywa kahawa yangu na hakubisha."

"Rosauro alisema hivyo."

"Ndiyo. Kwa upole lakini. Alikuwa na karatasi mkononi, akasema lakini mkielewana hakuna haja ya kufika huko."

"Karatasi gani?"

"Ya nyumba. Umwachie, abaki nayo yeye. Usaini tu."

Nyumba ile ya kijani ilikuwa barabarani, mwendo wa sigara moja kutoka hapa. Kiwanja alikitoa marehemu baba yake siku ya harusi yao ya kanisani. Tofali zake zilitoka kwenye mishahara yao wote wawili, yeye wodini, Rosauro kwenye nyaya za umeme. Na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba alikuwa ameshaisamehe. Kama Rosauro angemwandikia mistari miwili tu, Nila, niachie nyumba, angemwachia, aondoke na laana zake. Alikuwa amechoka na kila kilichokuwa chao. Badala yake amekuja na polisi mdomoni, kwa mama mzee, kwenye meza ya jikoni.

"Na sasa hivi analala wapi?" aliuliza.

"Si hapo hapo nyumbani kwenu."

"Na Jovelyn?"

"Sasa atalala wapi tena? Mke wa mtu si..." Inay akajing'ata ulimi, lakini alikuwa amechelewa.

"Malizia."

"Walifanya baraka ya nyumba Jumapili. Padri msaidizi alikuja kunyunyiza maji. Watu walialikwa. Wakatundika bango." Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetubu nusu, "Nilipeleka sufuria moja ya tambi. Ni ujirani tu."

Nila hakuisikia vizuri habari ya tambi. Alikuwa amemkumbuka wakili mmoja wa Batangas mjini, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, ambaye Nila alimwendea miaka tisa iliyopita, Rosauro alipoanza kutembea na muuza simu. Yule mama alikuwa anakula andazi la nyama huku akimsikiliza. Alimwambia: sheria yetu, mwanangu, wanaume waliitunga wakiwa wameshiba. Wewe mke, mara moja tu, popote pale, umekwisha, wewe na huyo uliye naye. Yeye mume anaweza kuwa na kumi. Ili nimfikishe mahakamani inabidi amlete mmoja akae naye ndani ya nyumba yenu ya ndoa, au afanye aibu hadharani mtaa mzima uone. Kisha akafuta mdomo na kucheka. Na kwa miaka yangu ishirini, alisema, sijampata mwanamume mjinga kiasi hicho.

"Bango linasemaje?" Nila aliuliza.

"Sijui. La kukaribisha. Nenda kalisome."

Hakupata nafasi ya kwenda. Mbwa wa Sepa alibweka, na Rosauro Panopio akaingia uani na Kapitan Delfin nyuma yake. Rosauro alikuwa amenenepa shingo, amevaa shati la maua na saa kubwa. Alimpita Elmo na feni yake kama anayepita ndoo. Akaingia jikoni, akainama mbele ya Inay, na mkono wa Inay ukatoka wenyewe, una mafuta ya nazi na punje za wali, ukagusa paji la uso wake kabla mama hajajua umefanya nini. Kisha mama akamtazama binti yake, akauficha chini ya meza.

"Nila," Rosauro alisema. "Umependeza. Jua la huko linakufaa."

"Lete hiyo karatasi."

Rosauro akamgeukia Kapitan, akatabasamu. "Unaona, Kapitan? Nilikwambia ni mwanamke mwenye akili. Hatutagombana." Akaitoa kwenye mfuko wa plastiki, akaitandaza kati ya vifurushi vya wali. "Hapa na hapa. Kapitan ni shahidi. Ukishasaini, mimi sijaona kitu. Fundi wako alale anapotaka."

"Na nisiposaini?"

"Nisikudanganye. Mimi bado ni mume wako kwa sheria. Nina jina langu katika mji huu. Siwezi kukaa kimya mke wangu analala na mtu mbele ya macho yangu."

Uani bisibisi ilianguka kwenye saruji. Nila hakugeuka.

"Mke wako," alisema.

"Kwa sheria."

"Sema tena, Kapitan asikie."

"Kapitan anajua. Mke wangu kwa sheria. Kule tuliachana, hapa hatukuachana. Sikuitunga mimi."

Kapitan Delfin Dimaculangan alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la heshima na tabia ya kukubaliana na aliyesema mwisho. Alikohoa. "Ndivyo sheria ilivyo, Nila. Inasikitisha, lakini ndivyo ilivyo. Mimi nasema mambo ya familia yamalizwe kifamilia."

"Vizuri," Nila alisema. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa gauni. "Siwezi kusaini nyumba ambayo sijaiona miaka mitano. Twendeni tukaione."

"Utaiona baadaye," Rosauro alisema.

"Nitaiona sasa."

Alishatoka. Alipompita Elmo alisema, "Njoo," naye akaja, mikono imejaa grisi, na Kapitan akaja kwa sababu kila mtu anakwenda, na Inay akaja nyuma kabisa, aproni kiunoni, akisema jamani wali utapoa, jamani kuna nini. Barabarani vijibendera vya rangi vilikuwa vimeshavutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Majirani waliokuwa wakipaka chokaa kwenye kingo za barabara waliinua vichwa, wakaacha brashi zao. Nila alihesabu madirisha yaliyofunguka, akaacha kuhesabu.

Bango lilikuwa limefunga uso wote wa nyumba, kutoka dirisha la chumba cha mbele hadi la sebule. Lilikuwa la plastiki, mita nne kwa mbili, rangi zake zinatoboa macho. Katikati, Rosauro kavaa suti na Jovelyn kavaa gauni jeupe, wamekumbatiana, nyuma yao minara ya Abu Dhabi. Juu, herufi kubwa kama ndoo: KARIBUNI NYUMBANI KWENU, BWANA NA BIBI ROSAURO NA JOVELYN PANOPIO. Chini yake tarehe ya baraka ya nyumba na tarehe ya harusi yao. Na kwenye kona, ndani ya duara, uso wa Kapitan Delfin mwenyewe anacheka, na maneno: Salamu za sikukuu kutoka kwa mwenyekiti wenu, rafiki wa kila familia.

Nila alilisoma lote. Akatoa simu, akarudi nyuma hatua mbili, akalipiga picha. Kisha akapiga ya kona peke yake.

"Unafanya nini?" Rosauro aliuliza.

"Nasoma kwa sauti, kwa wasioona vizuri. Bwana na Bibi Panopio. Bibi Panopio ni nani, Rosauro?"

"Usianze."

"Dakika tano zilizopita, jikoni kwa mama yangu, ulisema mimi ndiye mke wako kwa sheria. Umesema mara mbili, Kapitan shahidi. Kama mke wako ni mimi, huyu uliyemweka ndani ya nyumba yetu ya ndoa, ukamletea padri, ukamchapishia bango la mita nne, ni nani wako?"

Rosauro akacheka, lakini macho yake yalikwenda kwa Kapitan. "Sheria ya wanaume ni tofauti. Kila mtu anajua."

"Ni tofauti, kweli. Wewe unaruhusiwa mengi. Ungemweka hotelini, hakuna kesi. Ungemweka kwa dada yako, hakuna kesi. Ungekuwa na watano huko mjini na watoto kumi, ningelia tu. Sheria imekuwekea mlango mmoja ikakwambia huu usiingie: usimlete ndani ya nyumba ya mkeo, usifanye hadharani. Wewe ukaingia mlango huo huo na ngoma juu." Akamgeukia mwenyekiti. "Kapitan, nimekosea?"

Kapitan alikuwa anautazama uso wake mwenyewe kwenye kona ya bango. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mimi walinambia ni bango la sikukuu," alisema. "Nilichangia tu uchapaji. Sikusoma juu."

"Ukiitwa mahakamani utasema hivyo."

"Nani anazungumza mambo ya mahakama, Nila? Hapa tunazungumza."

"Rosauro ndiye aliyeanza. Alikwenda kwa mama yangu wa miaka sabini na moja kumwambia mwanawe atafungwa. Mkuki kwa nguruwe. Sasa nataka nione kwa binadamu."

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka na Jovelyn akatoka barazani, mwiko wa kukaangia ndizi mkononi, nywele amezibana juu kwa kalamu. Nila hakuwahi kumwona ana kwa ana. Alikuwa amemfikiria mrembo wa kumwuma mtu roho. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye makovu ya mafuta ya moto mikononi kama wapishi wote wa kambi za wafanyakazi. Alikuwa amesimama nyuma ya dirisha muda mrefu, ilionekana usoni.

"Ate," alimwambia Nila, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa. "Hiyo kesi. Na mimi nimo?"

"Rudi ndani," Rosauro alisema.

"Nimemwuliza Ate."

Nila alikuwa amekuja na hasira yake yote imejipanga, na sasa hapo mbele alisimama mtu wa kumtupia. Angeweza kusema, ndiyo, na wewe umo, na roho ingepoa kidogo.

"Umo," alisema. "Sheria hainiruhusu nimshtaki yeye nikuache wewe. Yeye gereza. Wewe unafukuzwa, usikanyage mji huu kwa miaka. Na kama yeye akinishtaki mimi, Elmo naye yumo, hivyo hivyo. Hakukwambia?"

"Aliniambia mmemaliza. Ana hati, nimeiona, ina muhuri."

"Hata mimi ninayo. Muhuri ule ule. Hapa haina kazi."

Jovelyn akamtazama mumewe. Ndizi zilikuwa zinaungua ndani, harufu ilishafika barabarani, na hakujishughulisha nazo. "Ulikwenda kwa mwenyekiti kuwashtaki kwa jambo tunalofanya sisi," alisema taratibu. "Ndani ya nyumba hii. Mimi nikiwa ndani."

"Nilikuwa namtisha tu. Asaini."

"Ulikuwa unamtisha kwa kisu kilicho shingoni kwangu."

"Jovelyn, watu wanasikiliza."

"Umetundika bango ili watu waje. Wamekuja."

Mtu upande wa pili wa barabara alicheka, akazimwa na mkewe. Rosauro alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akamsogelea Nila, akasema kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia zamani akitaka kuombwa radhi. "Haya. Unataka nini? Nichane hiyo karatasi? Basi nitaichana. Ondoka na fundi wako, yaishe."

Ondoka. Neno hilo ndilo lililomaliza. Kwanza mama, sasa huyu: ondoka, sikukuu ikipita, ondokeni zenu, yaishe. Miaka mitatu baada ya jaji kuwauliza kama wana hakika, kila mtu katika mtaa huu alikuwa na mahali pake, Rosauro ana nyumba, Jovelyn ana gauni ukutani, Kapitan ana kona yake, na wa kuondoka ni yeye, na wa kulala kwa jirani ni Elmo.

Alitoa karatasi mfukoni, akaichana mwenyewe, vipande akavitia mkononi mwa Kapitan kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Polisi siendi," alisema. "Sitamfukuzisha mji mwanamke aliyedanganywa na mtu yule yule aliyenidanganya mimi. Lakini na nyumba sisaini, leo wala kesho. Nilikuwa tayari kukupa, Rosauro. Nataka ujue hilo, likuumize. Nilikuwa tayari." Akageuka. "Elmo."

"Ndiyo."

"Kalete mabegi."

Elmo akajipangusa mikono kwenye suruali. "Tunakwenda wapi?"

"Hatwendi popote. Sheria imesema mimi ndiye mke wa nyumba hii, basi mke amerudi nyumbani. Chumba cha mbele ni changu na wewe ni wa kwangu. Leo tunalala hapa, kesho tunalala hapa, na sikukuu mlango utakuwa wazi na wewe utakaa mezani. Atakayeuliza wewe ni nani nitamjibu mwenyewe."

Elmo alimtazama kidogo, kisha akaenda, si kwa kukimbia, akapita katikati ya majirani akiwaambia samahani, samahani, kwa ile sauti yake ya Iloilo.

"Haiwezekani," Rosauro alisema. "Kapitan, mwambie. Wawili, wawili, nyumba moja? Tutakuwa kichekesho."

"Mwenye kutaka kwenda polisi aende," Nila alisema. "Aanze yeye tu. Mimi nitakuwa nyuma yake kwenye foleni, na picha zangu."

Kapitan alishika vile vipande vya karatasi kama mtu aliyepewa ndege mfu. Alitazama bango, akatazama majirani, ambao wote ni wapiga kura. "Kisheria," alisema, akatafuta maneno, "kisheria mke hazuiwi kuingia nyumbani kwake."

"Na yule fundi?"

"Yule ni mgeni wa mwenye nyumba, Rosauro. Ni wiki ya sikukuu. Sasa mimi nimfukuze mgeni?" Kisha akasema kwa unyonge, "Na hilo bango, naomba lishuke leo. Hata kona yangu tu. Ikatwe."

Inay alikuwa amefika hadi langoni. Vidole vyake vilikuwa bado vinanata. "Nila," alisema, "watu wote wanatazama."

"Naona, Inay."

"Njoo nyumbani tuzungumze. Nitamtandikia pale sebuleni."

"Jana ungesema hivyo ningekubusu miguu. Leo nina chumba."

Mama akashika chuma cha lango, na hakuingia wala hakurudi.

Elmo alirudi na mabegi mawili na mfuko wa zawadi ambao haujafunguliwa. Rosauro alikuwa amesimama katikati ya ngazi za baraza, miguu ameitanua. Hakuna aliyemgusa. Jovelyn ndiye aliyesema kutoka nyuma yake, "Pisha," na alipokuwa hajapisha akasema tena, kwa sauti ya jikoni, ile wanayoisikia wanaume mia tatu wenye sahani mikononi. Akapisha.

Nila akapanda. Ndani kulikuwa na moshi wa ndizi. Kiti chake cha uvivu kilikuwa pale pale. Mapazia yalikuwa mapya na mabaya. Alifungua mlango wa chumba cha mbele, akatoa nguo za Rosauro zilizokuwa zimetundikwa humo, akaziweka kwenye kochi la sebuleni bila kuzitupa, na Elmo akaingiza begi la kwanza, kisha la pili, akayasogeza chini ya kitanda.

Jovelyn alikuwa ameshazima jiko. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria nyeusi mkononi, hakutabasamu.

"Bafu ni moja," alisema. "Maji yanakatika saa mbili asubuhi. Mtakaotangulia kuamka msiyamalize."